Nikilia, Jina ni Lako

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa wodi ya wazazi, tuko watatu: mimi, tumbo langu na mdomo wangu. Kati yetu aliyeniponza ni mdomo.

Kwa aliyekosa gazeti, nitamsimulia upesi. Mtoto wangu wa pili alipitiliza siku zake. Daktari akasema kungoja zaidi haifai, nilazwe, nianzishiwe uchungu kwa dawa. Tukiwa nyumbani tunafunga mkoba, mama mkwe akasema mbele ya wifi yangu na mbele ya mume wangu, "Uchungu wa dripu si kama ule wa kwanza, mke wa mwanangu. Huu utaulilia mpaka bati liitike."

Mimi binti yangu wa kwanza nilimzaa kimya, kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani anavyofungua mlango. Basi kichwa kikavimba. Nikamjibu, "Mama, sauti yangu hutaisikia. Nikilia, jina ni lako."

Wifi akapiga makofi. "Nimeshuhudia," akasema. Dau likawa dau.

Jina lenyewe lilikuwa limetukaa kooni mimba nzima. Mama mkwe alitaka mtoto aitwe jina la mwanawe wa kwanza, kaka yake mume wangu, ambaye alizaliwa asubuhi na jioni hakuwepo. "Nataka niliite tena nyumbani kwangu, basi," alikuwa akisema. Mimi sikutaka. Si kwa ubaya. Kila nikilifikiria jina lile naliona dogo, limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Mimi ni mtu ninayeinamia kitanda cha binti yangu kuhakikisha anapumua, na huyo binti ana meno yote. Jina hilo ningelibebaje?

Kwamba ni mvulana, hilo hakuna aliyelibishia. Mama mkwe aliliangalia tumbo limechongoka mbele kama mdomo wa birika, akatoa hukumu. "Dume." Kesi ikafungwa.

Naandika haya kwa ajili yenu wadogo zangu mnaokuja nyuma. Muone mtu mzima alivyojifunga kamba mwenyewe, halafu akaanza kuulizia kisu.

Asubuhi mkunga akaja na dripu. Alikuwa mwanamke mfupi, kandambili za kijani, mwendo wa mtu anayekwenda kuamulia ugomvi. Akautafuta mshipa, akaupata, kisha akanifunga tumboni mkanda wa kusikilizia moyo wa mtoto. Kimashine kikaanza. Tuku-tuku-tuku-tuku.

Nikacheka. Mimi ni fundi cherehani, na sauti ile naijua. Ni cherehani ikishona kitambaa chepesi, mshono ulionyooka, fundi hana haraka wala hana uvivu.

"Unacheka nini?" mkunga akauliza.

"Mwanangu anashona."

"Basi aendelee hivyo hivyo." Akagusa kigurudumu kidogo kwenye mpira wa dripu, matone yakaanza kushuka. "Na wewe nisikilize. Uchungu unatakiwa uje, uende, ukuache upumzike. Siku ukikaa usikuachie, hungoji mtu akuulize. Unaniita. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Masikio yalisikia kweli. Kichwa kilikuwa kwenye dau.

"Na kuna sindano ya kupunguza maumivu," akaendelea. "Haiondoi yote, ila inalainisha. Utasinziasinzia. Yakizidi sema nikuchome."

"Nikisinzia, naweza kupiga kelele bila kujua?"

Akanitazama juu ya miwani. "Swali gani hilo?"

"Nauliza tu."

"Wengine huropoka. Mmoja aliimba. Sauti alikuwa nayo, nisimdhulumu."

"Basi mimi sitaki sindano."

"Hutaki kwa sababu ya kuimba?"

"Sitaki tu, dada."

Akaandika alichoandika, akaondoka kandambili zikilia chapa, chapa. Na hapo pawekeeni alama. Dawa nimeletewa mpaka kitandani, nikaikataa, na si kwa kuwa nilikuwa na nguvu. Niliogopa kupoteza dau usingizini.

Sheria ya chumba kile ilikuwa mtu mmoja kwa kila mzazi. Mume wangu akaingia. Mama mkwe akabaki kwenye benchi la korido, akachagua ile ncha iliyo karibu na mlango, sikio limeelekea ndani kama bakuli lililotegwa chini ya paa linalovuja.

Mume wangu ni mwoka mikate. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, nyusi zina unga bado, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa kitambaa kwa kuungua na trei. Akaitazama dripu kwa heshima.

"Hii ni kama hamira," akasema. "Ukishatia, huna la kufanya. Unafunika, unaenda zako."

"Unaenda zako wapi?"

"Siendi popote, mama watoto. Nimesema mfano."

Mwanzoni uchungu ulikuwa mwepesi. Kama mtu anakukaza mkanda, anaulegeza. Mkunga alipopita nikamwambia, "Dada, kama ni huu tu, mtaniamsha mkimaliza."

Akatabasamu, akakigusa kile kigurudumu. Tangu siku hiyo mtu akinitabasamia huku anagusa kitu, naondoka.

Kwa sababu ulikuja, jamani. Uchungu wa kawaida hukubishia hodi, unapanda ngazi moja moja, na wewe unapata muda wa kusema karibu. Huu wa dripu haukunipa hata nafasi ya kuvaa kanga. Ulianzia kiunoni, ukazunguka mbele, ukanikaba mapaja, ukaondoka, na kabla sijauliza umekwenda wapi ukawa umerudi na ndugu zake.

"Simama," mkunga akaniambia. "Usilale chali, utaumia bure. Shika kitanda, yumbisha nyonga, toa pumzi kwa mdomo polepole. Baba, wewe mkande hapa chini ya kiuno. Kwa kiganja, sukuma hasa."

Mume wangu akakunja mikono ya shati. Hapo ndipo nilipojua nimeolewa na nani.

"Nikande kama unga wa keki au wa mkate?" akauliza.

"Wa mkate. Ule mgumu."

Akanikanda. Kila uchungu ulipokuja alisukuma kwa viganja vyote viwili, na maumivu yakawa yanagawanyika, mengine yanabaki kwangu, mengine yanamwishia yeye mikononi. Mimi huku kichwani nikatafuta kazi. Nikajitandikia pazia refu, la ukumbi, nikawa napiga pindo. Uchungu ukianza nakanyaga cherehani, nashona naenda, nashona naenda, mpaka kwenye kona. Kwenye kona nakata uzi, napumzika. Halafu upande mwingine.

Ilifanya kazi. Nawaambieni ukweli, pumzi na pindo na viganja vya mwoka mikate vilinifikisha mbali. Pindo moja, kona, kata uzi.

Katikati ya hayo nikahisi kitu cha baridi mgongoni. Nikageuka. Mume wangu amelowesha taulo, amenifunika nalo taratibu, anazipapasa ncha zake zikae vizuri.

"Unanifunika ili iweje?"

Akalitazama taulo kama vile limejileta lenyewe. "Samahani. Mazoea."

Upande wa pili wa pazia lililogawa chumba alikuwepo mwenzangu mwingine. Sura yake sikuiona siku nzima, lakini mambo yake yote nayajua. Yeye alilia bila hesabu. Alimlilia mama yake, alimlilia mumewe, akamtukana huyo mumewe na pikipiki yake, akamwomba radhi, akamtukana tena. Kila alipopaza sauti, kichwa cha mama mkwe kilichomoza mlangoni.

"Ni yeye?"

"Siye, mama," mume wangu anajibu. "Ni jirani."

Kichwa kinarudi. Muda kidogo, kilio kingine, kichwa hicho.

"Ni yeye sasa?"

"Mama, ni jirani."

"Mbona huyu wenu hatoi sauti? Amelala?"

Nilikuwa nimeng'ata upindo wa kanga, naingia kwenye kona. Nikaguna. Mguno mmoja tu, wa kutokea tumboni, mmmmmh.

"Nimesikia," mama mkwe akasema akiwa ameshaweka mguu ndani. "Hiyo ni nini?"

"Kaguna," mume wangu akasema.

"Kuguna ni mtoto wa kulia."

Mkunga alikuwa anapima mapigo ya jirani. Akapitisha kichwa kwenye pazia. "Mama, mna kesi gani hapa tangu asubuhi?"

"Mwanangu, wewe ni msomi, tuamue. Mtu akiguna, amelia au hajalia?"

"Kuguna si kulia. Kuguna ni kazi. Rudi kwenye benchi, mama yangu."

Akarudi, anatikisa kichwa kama aliyeonewa mahakamani. Nami nikatoa macho ya ushindi. Mjinga mimi, kushangilia kwenye mechi isiyokuwa na kombe.

Mara ukaja uchungu mmoja ambao nadhani ulikuwa wa mtu mwingine, nikaletewa kwa makosa. Pindo lilipinda, pazia likakunjamana. Mkono wangu ukatafuta kitu cha kushika ukaukuta mkono wa mume wangu. Nikauminya. Nikauminya kwa moyo wangu wote, pamoja na vile vidole viwili vilivyoungua.

Kilichotoka hapo kilikuwa kilio safi. Kilipanda juu, kikatetemeka, kikashuka. Jirani mwenyewe alinyamaza kukisikiliza.

Mama mkwe aliingia kama askari. "Amelia. Nimesikia kwa masikio yangu. Jina ni langu."

"Aliyelia," mkunga akasema, "ni huyu mwenye ndevu."

Mume wangu alikuwa amepiga goti, mkono ameukumbatia, machozi yanachora njia kwenye unga wa mashavuni. Kitambaa kilikuwa kimechomoka na malengelenge yamepasuka.

"Baba, nenda chumba cha kufungia vidonda," mkunga akamwambia. "Mmoja atoke, mmoja aingie. Mama, kaa wewe hapo."

Ndivyo nilivyobaki peke yangu na mama mkwe. Fikiria umeficha kitu, halafu aliyekuja kukitafuta anapewa kiti.

Hakukaa. Alinizunguka, akanishika kiuno, akaanza kunikanda. Alikuwa na mikono mikavu, myepesi, na iliyojua pa kwenda.

Sasa sikilizeni hapa, maana haya ndiyo niliyotaka kuyaandika tangu mwanzo.

Tangu mume wangu atoke, pindo langu halikufika kwenye kona. Nilikuwa nashona, nashona, nangoja mahali pa kukata uzi, hapafiki. Uchungu mmoja haujaisha mwingine umeukalia mgongoni. Tumbo lilikuwa gumu kama meza na halilegei. Yale maneno ya mkunga nikayakumbuka, ukikaa usikuachie unaniita. Nikafungua mdomo.

Nikafikiri, nikiufungua kwa hali hii, kitakachotoka si neno. Ni kelele. Na mwenye kuingojea amenishika kiuno.

Nikaufunga.

"Unajua kwa nini nilikwambia utalia?" mama mkwe akasema nyuma yangu.

Nikaing'ata tena kanga.

"Nilitaka ulie. Nimekaa pale kwenye benchi tangu asubuhi nataka nisikie sauti yako, jina nilikuwa nasingizia tu." Akasukuma kiganja. "Nilipokuja kwenye ukoo huu nilikuwa na kichwa kama chako. Mama mkwe wangu akaniambia, mwanamke wa nyumba hii halii. Nami nikamwonyesha, siku ya uchungu wa mwanangu wa kwanza. Wanapita, wanachungulia, wanasema huyu bado, huyu katulia. Halafu maumivu yakabadilika. Yakaacha kuja na kwenda, yakakaa. Nikajua yamebadilika. Nikanyamaza."

Mikono yake ikasimama.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema.

Nikaitoa ile kanga mdomoni.

"Mama."

"Naam."

"Haukatiki."

"Nini hakikatiki?"

"Uchungu. Tangu mwanao atoke haujaniachia. Nilinyamaza."

Mama mkwe wangu ni mtu mzima, magoti yake hulalamika akipanda kizingiti, na nyumbani huita watu kwa kugonga sufuria ili asipaze sauti. Siku hiyo alipaza. Alimwita mkunga kwa kelele moja ambayo, wallahi, bati liliitika. Korido nzima ilisimama. Aliyekaa kutwa nzima kuingojea kelele yangu, aliipiga yeye.

Mkunga alifika kabla mwangwi haujaisha. Akaweka mkono tumboni, akafunga dripu. Akanilaza ubavu wa kushoto. Na hapo ndipo nilipokisikia kile kimashine, ambacho nilikuwa nimeacha kukisikiliza.

Tuku. Tuku. Tuku.

Ile ni cherehani ambayo mkanda wake umelegea. Mguu unakanyaga, gurudumu halifuati.

"Pumua," mkunga akasema. "Mpelekee mtoto hewa. Daktari aitwe."

Daktari akaja, kijana, kofia ya upasuaji imekaa upande. Akasikiliza, akatazama karatasi inayotoka kwenye mashine. "Tumefunga dripu, sasa tunaangalia," akasema. "Moyo ukirudi mwendo wake, tunaendelea hapa hapa. Usiporudi, tunaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Tumeelewana?"

Nikaitikia kwa kope. Mama mkwe alikuwa amenishika mguu, sijui kwa nini mguu. Hata jirani hakutukana mtu. Mimi nilikuwa nakanyaga kichwani kwa nguvu zangu zote, shona baba, shona mwanangu, uzi upo.

Tumbo likaanza kulegea. Taratibu, kama ngumi ya mtoto aliyelala inavyofunguka. Na kimashine kikajivuta, tuku, tuku, tuku-tuku, tuku-tuku-tuku-tuku. Kikanyooka.

Daktari akashusha mabega. "Mama, kwa nini hukusema mapema?"

Nikamtazama mama mkwe. Naye akanitazama.

"Tulikuwa na dau," mama mkwe akasema.

"Dau la nini?"

"La kelele."

Daktari akamgeukia mkunga. Mkunga akainua mikono miwili. "Usiniulize mimi. Mimi nilidhani anaogopa kuimba."

Daktari alipotoka, mama mkwe akaniinamia sikioni. "Dau nimelifuta. Jina nimeliacha. Mtoto mtamwita mtakavyo. Wewe lia tu, mwanangu, nikusikie."

Sasa mtafikiri dripu imefungwa, uchungu umeondoka, nimepewa na chai. La. Uchungu ulikuwa umeshazijua njia za nyumbani. Ulirudi bila kusukumwa na dawa, safari hii kwa adabu, unakuja, unakwenda, lakini mzito. Mume wangu alikuwa amerudi amesimama mlangoni, mkono mzima umefungwa bandeji kama bondia. "Hamira imeshika," akasema, na alisema kwa furaha, kwa hiyo nikamsamehe.

"Dada," nikamwita mkunga. "Ile sindano naitaka. Hata nikiimba."

Akanipima. Akaguna yeye sasa. "Umechelewa, mama. Njia imefunguka, mtoto anakuja. Nikikuchoma sasa atazaliwa na usingizi."

"Nichome nusu."

"Hapana."

"Robo. Ya kuonja."

"Asubuhi nilikuletea nzima ukaikataa. Sasa una mgongo wa kukandwa, una hewa ya kuvuta na una mdomo. Vitumie vyote."

Nikavitumia. Mdomo niliutumia kupita vyote. Nililia, wadogo zangu. Nililia cha mtoto huyu, nikalia na cha binti yangu niliyemzaa kimya, nikamlilia fundi umeme aliyenikatia waya wa cherehani mwaka juzi. Nilimlilia mama yangu. Nilipoishiwa na watu nikaanza kulilia vitu.

"Karibu, shoga," jirani akasema nyuma ya pazia, naye sauti imemkauka. "Nilidhani umekuja kutembelea."

"Lia," mama mkwe ananikanda. "Lia mwanangu. Hiyo ndogo, toa nyingine."

Na nawaambia kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia nilipokuwa msichana. Maumivu hayakupungua kwa kulia, nisiwadanganye. Lakini yalipata mlango wa kutokea. Kutwa nzima nilikuwa nimeyafungia ndani na mtoto. Anayetaka sindano aombe mapema, si aibu. Asiyetaka na asitake, akandwe, atembee, agune. Lakini maumivu yakibadilika sura, sema. Sema hata kama umelishana yamini na wifi, mama mkwe na mwenyekiti wa mtaa.

"Sasa sukuma," mkunga akasema.

Nikasukuma. Nikasukuma tena. Kitu kikawaka moto, kikateleza, na ghafla tumbo langu likawa la mtu mwingine, tupu, limelegea kama mkoba uliomwagwa.

Nikangoja.

Mnajua nilichokuwa nangoja. Siku nzima chumba kile kilikuwa kimejaa vilio. Alilia jirani, akalia mume wangu, akalia mama mkwe, nikalia mimi. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, kile kidogo, ambacho ndicho kilichotukutanisha wote pale.

Hakikuja.

Mkunga alikuwa amemfunika taulo, anamsugua mgongo. Akamgonga nyayo kwa kidole. Niliona mguu mdogo, umelegea, una rangi isiyonipendeza.

"Lia, bwana," mkunga akamwambia kwa upole. "Wenzako wote wamelia."

Akasugua. Hakuna.

"Lia mwanangu," nikasema. Sauti yenyewe ilikuwa imeisha.

Mume wangu mlangoni alikuwa ameishika ile bandeji kwa mkono mwingine.

Mama mkwe akauachia mgongo wangu. Akazunguka kitanda, akainama juu ya lile taulo, karibu kabisa, kama mtu anayeongea na aliyelala chumba cha pili na hataki kuamsha nyumba. Akaita. Hakusema mjukuu, hakusema mtoto. Aliita lile jina. Sidhani kama alijua ameliita. Lilitoka lenyewe, kutoka mahali lilipokaa miaka yote hiyo.

Nilitaka kumzuia. Mkono wangu uliinuka.

Mtoto akapiga chafya.

Akafumbua jicho moja, akamtazama bibi yake kama mtu aliyeamshwa bila sababu ya maana, akafungua mdomo, na kilichotoka hapo sitakisahau. Mama mkwe alikaa chini sakafuni. Jirani nyuma ya pazia akapiga kigelegele kwa sauti iliyokauka.

"Ni taulo hilo," mkunga akasema, anafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. "Si jina. Ni kusugua."

"Hata kama," mama mkwe akasema kutoka sakafuni. "Ameitika."

"Mama, watoto wote huitika wakisuguliwa."

"Huyu alisuguliwa hakuitika. Kaitwa, kaitika."

Mkunga akaona hiyo kesi haiwezi. Akamfunua mtoto amkate kitovu, akatazama, akatutazama sisi, na tabasamu lile la kigurudumu likamjia tena.

"Na kuna jambo lingine," akasema. "Hilo jina mlilomwita ni la kiume, au nimekosea?"

"La kiume," mume wangu akasema. "La kaka yangu."

"Basi tazameni vizuri. Huyu ni binti."

Tukatazama. Alikuwa binti, hana shaka na hilo, na analia kama anadai haki yake. Mama mkwe alijiinua sakafuni kwa kushika kitanda, magoti yanalalamika. Alimtazama mjukuu wake kuanzia juu mpaka chini. Kichwani alikuwa na nywele nyingi.

"Jina halivai suruali," akasema polepole. Kisha, kama aliyekumbuka alichoniahidi, akaweka kiganja mdomoni. "Nimeliacha. Nilisema nimeliacha. Sijasema kitu."

Mkunga akaniwekea mwanangu kifuani. Alikuwa wa moto, mzito, na alinyamaza pale pale, anasikiliza. Wote wakanigeukia mimi. Mume wangu na bandeji yake. Mkunga na mkasi. Mama mkwe na kile kiganja mdomoni, macho yamejaa.

"Sema basi, shoga," jirani akasema nyuma ya pazia. "Na mimi nangoja."

Nikafungua mdomo. Ule ule ulioniponza.